Nzi, Harara na Saa ya Mauti Huko Barumbu

Katika maswali yote ambayo hakimu humuuliza tabibu aliyekagua maiti iliyookotwa porini, hakuna lililo jepesi kutamka na zito kujibu kama hili: amekufa lini? Jina la marehemu laweza kujulikana kwa nguo, kwa kovu la zamani, kwa meno, au kwa ndugu aliyekuja kumtambua. Silaha iliyomuua yaweza kudhaniwa kwa umbo la jeraha. Lakini wakati wa kufa ni jambo ambalo kila alama yake iliyozoeleka katika vitabu vya tiba, yaani kukakamaa kwa viungo, kuvilia kwa damu upande wa chini na kupoa kwa mwili, hudumu muda mfupi na hubadilika kwa hali ya hewa. Ama hiyo ya kupoa, ambayo katika nchi za baridi ndiyo hujja ya kwanza ya tabibu, katika bonde la mto Kongo karibu haina kazi, kwa sababu mwili wa mtu aliye hai una nyuzi 37, ilhali hewa ya mchana ya mkoa wa Tshopo aghalabu hufika 30, basi tafauti iliyobaki ya kupimwa ni ndogo, na baada ya siku moja kipimajoto hakina tena la kusema. Hapo ndipo elimu ya nzi inapopata nafasi yake, na msomaji ataniwia radhi kwa kumshika mkono na kumpeleka mahali ambapo pua yake isingependa kwenda.

Nimechagua kuitazama Barumbu, iliyo kando ya mto Kongo chini ya Kisangani, jirani na Basoko, kwa sababu mahali hapo pana mambo yote yanayoifanya hesabu hii kuwa rahisi kwa upande mmoja na ya hatari kwa upande wa pili. Jina lake limo katika kumbukumbu za mikataba tangu mwaka 1911, serikali ya Ubelgiji ilipopatana na William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, ikamkatia duara tano za nchi, yaani Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende, kila moja ikipimwa kilomita 60 kutoka katikati hadi ukingoni, ili achume chikichi na kukamua mawese. Tangu hapo nchi ile imekuwa na sura tatu zilizokaribiana: msitu mzito wenye giza la mchana, mashamba ya michikichi yaliyopandwa kwa safu, na uwazi wa ukingoni, ambako mchanga, gati na vibanda vya wavuvi hupigwa na jua bila kizuizi. Mtu aweza kuzipita sura hizo tatu kwa mwendo mfupi wa miguu. Kwa kundi la nzi, hata hivyo, ni kama nchi tatu zenye hali ya hewa mbalimbali.

Msomaji asiyeijua nchi ya ikweta na aseme na watu wa Yangambi, iliyo kati ya Barumbu na Kisangani, ambako Wabelgiji waliweka makao ya taasisi yao ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, na ambako hivi leo mrithi wake, INERA, yaendeleza kazi hiyo. Wastani wa halijoto wa mwaka mzima huko ni karibu nyuzi 25, mvua hukaribia milimita 1,800, na mwezi ulio moto kuliko yote haupishani na ulio baridi kuliko yote ila kwa nyuzi chache mno. Hakuna kipupwe cha kuwalaza nzi wala kiangazi kirefu cha kuwakausha. Yeyote aliyesoma vitabu vya fani hii vilivyoandikwa Ulaya, vilivyojaa mashaka ya vuli na masika, huona wivu: huku, asema moyoni, saa ya nzi haina budi kwenda sawasawa mwaka mzima.

Wivu huo una haki nusu, na ili nusu hiyo ionekane inafaa kwanza kueleza saa yenyewe inavyokwenda.

Nzi wa mizoga, wale wakubwa wanaong'aa kijani au buluu kama madini, hunusa mauti upesi kupita kiasi, na kukiwa mchana mkavu huweza kuufikia mwili katika muda wa dakika. Jike hutaga mayai yake kwa mafungu, meupe na membamba, puani, machoni, mdomoni na katika jeraha lolote lililo wazi. Katika hari ya Tshopo mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Anayetoka ni funza mdogo asiye na miguu, ambaye hukua kwa madaraja matatu, akijivua ngozi mara mbili, na madaraja hayo huyasoma mtaalamu kwa kioo cha kukuzia katika sehemu ya nyuma ya funza, mahali penye vitundu vya kupumulia: katika daraja la pili kila kitundu kina mianya miwili, na katika la tatu mianya mitatu iliyopangika kama alama za kalamu. Funza wa daraja la tatu aendeleapo kula huonekana tumboni kivuli cheusi cha chakula alichokimeza. Kivuli hicho kikipungua na funza akaanza kuutoka mwili na kutambaa kutafuta mchanga, mtaalamu hujua kwamba kula kumekwisha. Kisha ngozi yake hukauka na kuwa kifuko kigumu, cheupe kwanza, halafu chekundu, halafu kahawia iliyokoza, na ndani ya kifuko hicho nzi mpya hujengeka hata atoke na mbawa.

Kiumbe huyu hana moto wake mwenyewe. Mwili wake hufanya kazi kwa hari anayoikuta, na kwa hiyo ukuaji wake haupimwi kwa siku tupu bali kwa siku zilizozidishwa kwa hari. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1735 Mfaransa Réaumur, ambaye watu humkumbuka zaidi kwa kipimajoto chake, alikwisha kuona kwamba mimea hukomaa kwa jumla ya hari inayoikusanya na si kwa kalenda. Wataalamu wa nzi wameligeuza wazo hilo kuwa kanuni nyepesi: kila aina ya nzi ina kizingiti cha chini, ambacho hari ikishuka chini yake ukuaji husimama, na ina jumla ya nyuzi-siku inayodai ili itoke katika yai hata ipate mbawa. Mrusi Marchenko, katika hesabu alizozichapisha mwaka 2001, alimpa nzi wa kijani aitwaye Lucilia sericata kizingiti cha nyuzi 9 na deni la nyuzi-siku 207. Katika hari ya nyuzi 25, basi, nzi huyo hupata faida ya nyuzi 16 kila siku, na deni lake hulipwa kwa siku 13 kasoro kidogo.

Sasa na tuione ile nusu ya haki. Chukua mpelelezi wa nchi ya baridi ambaye hewa yake ni nyuzi 15, akakosea kipimo kwa uzi mmoja tu, akaandika 16. Kwa nzi huyo huyo hesabu yake itaruka kutoka siku 34 na nusu hadi siku 29 na nusu au zaidi kidogo, yaani siku tano zitatoweka kwa kosa ambalo kipimajoto kibovu chaweza kulifanya bila mtu kutambua. Mchukue mwenziwe wa Barumbu, naye akosee uzi mmoja, aandike 26 mahali pa 25: atapoteza saa kama 18. Sababu yake i wazi, kwamba mtu akisimama mbali na kizingiti, uzi mmoja ni sehemu ndogo ya faida ya siku, na akikisogelea kizingiti, uzi ule ule huwa sehemu kubwa. Hewa ya ikweta, kwa hiyo, humsamehe mwenye kipimajoto kibaya.

Lakini humtoza mahali pengine. Kwanza humtoza muda, kwa kuwa yale yanayochukua mwezi na zaidi katika hewa ya nyuzi 15 huku hukamilika chini ya wiki mbili, na nzi wa kizazi cha kwanza wakishapata mbawa na kwenda zao, vifuko vitupu walivyoviacha haviwezi kusema ila kwamba muda fulani umepita na zaidi. Maiti ya Barumbu iliyokaa wiki tatu ni kitabu ambacho kurasa zake za mwanzo zimekwisha kung'olewa. Na katika nchi ambayo habari ya mwili ulioonekana shambani hupita kwa mvunaji, kisha kwa kapita, kisha kwa mkubwa wa kijiji, ndipo imfikie OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, naye ataomba ruhusa ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na nafasi katika mtumbwi wa mota, wiki tatu si muda mrefu.

Pili, humtoza katika aina ya nzi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa makubwa yanapozaliwa. Nzi wa Marchenko ni wa hewa za wastani, anayejulikana vyema Ulaya. Mwenye kutawala mizoga na vyoo vya bonde la Kongo ni Chrysomya putoria, ambaye kwa muda mrefu alichanganywa na ndugu yake Chrysomya chloropyga hata wanazuoni wakabishana kama ni wawili au mmoja, mpaka uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulipothibitisha kwamba ni wawili. Majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini yamewapa ndugu hao vizingiti mbalimbali: chloropyga, mpenda hewa ya ubaridi, karibu nyuzi 11, putoria, mpenda joto, zaidi ya 13. Nyuzi mbili si kitu kwa mtu anayechagua shuka la kulalia. Ama kwa hesabu yetu, mwenye kumwazima putoria kizingiti cha 9 cha yule nzi wa Ulaya anampa katika hewa ya 25 faida ya nyuzi 16 kila siku, hali yeye anapata 12 tu, na anayemdhania kuwa chloropyga anampa 14. Jedwali lililoazimwa haliwi baya kwa sababu limetoka ugenini. Huwa baya likitumiwa kwa nzi asiye wake bila aliyelitumia kukiri mbele ya hakimu.

Na kizingiti kikiwa juu, ile rehema niliyoisifu hupunguka. Linganisha kivuli cha msitu chenye wastani wa nyuzi 25 na uwazi wa ukingoni wenye wastani wa 30. Nzi wa kizingiti cha 9 atakua uwazini kwa kasi iliyozidi ile ya kivulini kwa karibu theluthi moja, na akiwa ni yule wa Marchenko atatoka kwa siku 10 kasoro badala ya 13 kasoro. Nzi wa kizingiti cha 13 ataharakisha kwa sehemu mbili katika tano. Siku tatu au nne, katika kesi ya jinai, ndizo tafauti kati ya mtu aliyekuwa Kisangani na shahidi wa kumthibitisha, na mtu yule yule aliyekuwa Basoko peke yake na marehemu.

Kwa hiyo swali la kwanza la wakili mwenye akili haliwi juu ya nzi hata kidogo, bali juu ya kipimajoto: kilikuwa wapi? Vituo vya hali ya hewa huweka vipimajoto vyao ndani ya kijisanduku cheupe chenye matundu, juu ya majani yaliyofyekwa, mbali na miti, kwa kimo cha mtu, ili hewa ya mahali pamoja ilinganishwe na ya pengine. Huo ni utaratibu mzuri kwa mkulima na kwa rubani. Maiti haikai katika kijisanduku. Iko chini, juu ya majani yaliyooza yenye unyevu, au juu ya mchanga uliochomwa na jua la saa nane, au imefunikwa kwa turubai la plastiki ambalo hukusanya moto mchana na kuuzuia usitoke usiku. Hata mnara mrefu wa mita 55 uliosimamishwa Yangambi mwaka 2020 kupima pumzi ya msitu, ambao ni fahari ya haki kwa Tshopo nzima, hupima kwa ajili ya kaboni na mawingu, na hewa ya juu ya vilele vya miti ni habari nyingine kabisa na hewa iliyotulia mizizini.

Dawa yake inajulikana, nayo haina gharama kubwa. Mpelelezi huacha mahali pa tukio, pale pale mwili ulipolala, kipimajoto kidogo cha kujiandikia, kikae siku tano, au kumi ikiwezekana, kikihifadhi hari ya kila saa. Kisha huchukua hari za siku zizo hizo zilizoandikwa kituoni, huziweka ubavuni kwa ubavu, na kutafuta uhusiano wake: pengine kivuli cha shambani kinapungua kwa nyuzi mbili mchana na kuzidi kwa nusu uzi usiku. Akishaupata uhusiano huo, hurudi nyuma katika daftari la kituo hadi siku zile ambazo mwili ulikuwa umelala na yeye hayupo, akazisahihisha. Hapo ndipo kutokubadilika kwa majira ya ikweta kunapofaa kwa kweli, kuliko katika hesabu ya nzi yenyewe: hewa ya wiki iliyopita na ya wiki hii huko Barumbu hufanana mno, hata uhusiano uliopimwa leo waweza kuaminiwa kwa jana, jambo ambalo mpelelezi wa Scotland katika mwezi wa Oktoba hathubutu kulitumaini.

Limebaki, hata hivyo, jambo ambalo kipimajoto kilichoachwa baada ya mwili kuondolewa hakiwezi kulipima, nalo ni moto wa funza wenyewe. Wakiwa wachache kila mmoja hufuata hari ya mahali. Wakifika maelfu, katika daraja la tatu, hukaa kwa chungu moja, wakisukumana, vichwa vikiwa chini na vitundu vya kupumulia vikiwa juu, na msuguano wao pamoja na kazi ya kumeng'enya huitia chungu hiyo hari inayozidi ya hewa kwa nyuzi 10, 15, pengine 20. Katika nchi ya baridi moto huo ni neema kwa funza, maana huwavusha usiku wa jalidi. Barumbu hewa yenyewe ni 28. Ongeza 15, umefika 43, na hapo ule mstari ulionyooka wa nyuzi-siku, ambao jedwali zote zimeusimamia, unapinda na kuvunjika, kwa kuwa kila aina ya nzi ina ukomo wa juu pia, na akiukaribia huacha kuharakisha, akiuvuka hudhurika au hufa. Mtu akiutia mkono wake wenye glavu katika chungu hiyo huona joto kabla ya kuona kitu kingine chochote. Ataona pia kwamba funza hawatulii, bali wa katikati hujipenyeza pembezoni kupoa na wa pembezoni huingia katikati kula, ndiyo maana hakuna ajuaye kwa yakini funza mmoja amekaa saa ngapi katika 43 na saa ngapi katika 32. Mimi sioni haya kusema kwamba hapa elimu yetu bado ni changa. Mtaalamu anayeitoa hesabu ya chungu kubwa ya funza wa ikweta kwa saa, badala ya kwa siku na pambizo lake, amejipa ujuzi ambao hana.

Na huo moto si msiba wa mwisho. Kuna nzi mwingine wa ukoo huo huo, Chrysomya albiceps, ambaye funza wake wana vinyama vilivyochomoza ubavuni kama miiba laini, na ambaye huchelewa kidogo kufika, lakini akifika hawi mgeni wa amani: funza wake huwala funza waliomtangulia. Yaweza kutokea basi kwamba mpelelezi akakuta mwili umejaa albiceps tupu, akahesabu umri wao kwa usahihi wote, na hesabu yake ikawa fupi, kwa sababu wale wa kwanza waliobeba habari ya siku ya mauti wamekwisha kuliwa. Ongeza yule aliyehamia Afrika kutoka pande za Asia na Pasifiki katika miaka ya 1970, Chrysomya megacephala, mwenye macho makubwa mekundu, anayejulikana na kila muuza samaki. Orodha ya wageni wa maiti haikuwa ile ile babu zetu walipokuwa wakiishi.

Mambo haya si ya makabati ya wanazuoni peke yake, maana watu wamehukumiwa na kuokolewa kwayo. Mwaka 1935 viungo vya wanawake wawili vilipookotwa korongoni karibu na Moffat, huko Scotland, tarehe 29 Septemba, funza waliotolewa kwavyo walipelekwa kwa Dakta Alexander Mearns wa Glasgow, naye akawatambua kuwa ni wa nzi wa buluu na kuwapa umri wa siku 12 hadi 14, umri uliopatana na siku walipotoweka wanawake hao. Mwanamume aliyeishi na mmoja wao kama mume, tabibu Buck Ruxton, alinyongwa mwaka uliofuata. Ilikuwa ni hesabu iliyoungana na hujja nyingine nyingi, na kwa hiyo ilisimama. Kesi ya Steven Truscott wa Kanada ilikwenda njia nyingine: kijana wa miaka 14 alihukumiwa kifo mwaka 1959 kwa nguvu ya tabibu aliyeisoma saa ya mauti katika chakula cha tumboni, akaepushwa na kitanzi lakini si na jela, na nusu karne baadaye, kesi ilipofunguliwa upya, maandiko ya zamani ya funza waliokusanywa katika uchunguzi wa maiti yalitolewa na wataalamu wa nzi wakasimama pande mbili, kila mmoja akidai hari yake, saa yake ya kutaga na jedwali lake. Alifutiwa hatia tarehe 28 Agosti 2007, ingawa mahakama haikuijenga hukumu yake juu ya funza peke yao. Nimeisoma kesi hiyo kwa huzuni, si kwa sababu wataalamu walitofautiana, kwani kutofautiana ni haki ya elimu, bali kwa sababu mengi waliyobishania yangekatwa na kipimajoto kimoja kilichoachwa kichakani mwaka 1959.

Kongo haikuwa nyuma katika kuwajua nzi. Ilikuwa nyuma katika kuwauliza swali hili. Wajumbe wa chuo cha tiba cha Liverpool, Dutton, Todd na Christy, walioupanda mto huu kuanzia mwaka 1903, walichapisha mwaka 1904 risala nzima juu ya funza wa sakafuni wa Kongo, yule anayenyonya damu ya mtu aliyelala chini kwenye mkeka, kisha akajificha vumbini kabla ya alfajiri. Mwaka huo huo walifika kwenye maporomoko ya Stanley, ndiyo Kisangani ya leo, wakichunguza homa ya kupe, na homa hiyo ndiyo iliyomuua Dutton huko Kasongo mwezi wa Februari 1905. Baada yao akaja Rodhain, ambaye jina lake limebaki katika nzi mwingine wa ukoo huu, Cordylobia rodhaini, mwenye kuzalisha majipu katika ngozi ya watu wa msituni. Ndugu hao wawili wa nzi wa mizoga wameandikwa kwa undani kwa kuwa waliwadhuru walio hai, hasa askari na wafanyakazi wa kampuni. Aliyekufa shambani hakuwa na faida ya kuandikiwa.

Kazi ya leo ya OPJ wa Basoko haihitaji maabara ili ianze. Achague funza wakubwa kuliko wote, na wale wanaotambaa mbali na mwili, na vifuko vilivyofukiwa mchangani hadi hatua kadhaa pembeni, maana wakubwa ndio wa kwanza. Nusu yao awatumbukize katika maji yaliyokaribia kuchemka, ambayo jiko la makaa litayatoa katika kijiji chochote, ili wanyooke na wasisinyae, kisha awahifadhi katika spiriti ya duka la dawa yenye nguvu ya asilimia 70 au 80. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, pamoja na sifa zake nyingine, haiaminiki, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kwa kila mpishi. Nusu ya pili aiache hai, juu ya kipande cha nyama ndani ya chombo chenye hewa, mpaka watoke nzi watakaotambulikana kwa jina, akiandika hari ya chumba kila asubuhi na jioni. Aandike kama mwili ulikuwa juani au kivulini, umefungwa kwa nini, mvua ilinyesha lini, na kama shamba lilikuwa limepuliziwa dawa ya wadudu, kwa sababu dawa huwachelewesha nzi. Na kama mwili umetolewa mtoni, ajue kwamba saa ya nzi haikuanza ulipozama, bali ulipoibuka na sehemu yake moja ikakauka juu ya maji.

Mipaka nayo itajwe. Nzi hawatasaidia neno katika makaburi ya vita vya siku sita, vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, vilivyoupiga mji wa Kisangani kwa mizinga ya majeshi mawili ya kigeni, na ambavyo vilikuwa miongoni mwa madhara yaliyoifanya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tarehe 9 Februari 2022, kuiamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Kwa mambo ya umri huo husema mifupa, hati na mashahidi. Wala hawatasaidia sana pale mwili ulipozikwa mara moja, kama walivyozikwa waliofukuliwa katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, mwaka 2023, kwa kuwa udongo huwazuia wengi wao wasiufikie na huilainisha hari hata isifanane na ya juu.

Linalotakiwa sasa ni jedwali la Chrysomya putoria lililopimwa Tshopo kwenyewe, kutoka kizazi kilichochukuliwa Barumbu au Yangambi, si kwa hari zisizobadilika tu, za 22, 25, 28, 31 na 34, ambazo kabati la kukuzia katika Chuo Kikuu cha Kisangani lingeweza kuzishika endapo umeme utakubali, bali pia kwa hari inayopanda mchana na kushuka usiku, kwa kuwa funza anayeishi kati ya 21 na 31 hakui sawasawa na yule aliyefungiwa katika 26 tuli, ijapokuwa wastani wao ni mmoja. Mizoga ya nguruwe iwekwe sehemu tatu, msituni, chini ya michikichi, na ukingoni kwenye mchanga, vipimajoto vikiwa ndani ya chungu ya funza na nje yake, katika miezi ya mvua nyingi na ya mvua haba. Kazi hiyo ni ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, mvuvi mmoja wa kumvusha mto, na mlinzi wa kuwafukuza mbwa.